Uliza Mpiga Picha: Kioo, sweta jeusi na Ziwa Nyasa kutoka juu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tukuyu. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya Ziwa Nyasa iliyopigwa na mwanaanga kupitia dirisha la chombo, safi kabisa. Mmoja akauliza mbona mimi nikipiga dirishani kwenye ndege ya Songwe natokea mwenyewe kwenye kioo, shati na yote. Wao wanafanyaje? Wana kamera gani? Na Mlima Rungwe wetu unaonekana huko juu? Ndaga fijo.
*Mwalimu J., Tukuyu*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mwanafunzi mnunulie soda. Wateja wangu hapa Mwanjelwa wakiona picha nzuri huuliza kwanza bei ya kamera.

Basi la kamera tulimalize. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wanatumia Nikon za aina ile ile wanayobeba wapiga picha za mpira, na lenzi ndefu za milimita 400 kwenda juu. Mwanaanga wa Marekani John Glenn mwaka 1962 aliruka na kikamera cha Ansco kilichonunuliwa kwenye duka la dawa huko Florida. Ile picha maarufu ya Dunia nzima, Afrika ikiwa karibu yote mbele ya macho, ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17, wakiwa njiani kwenda Mwezini, tarehe 7 Desemba 1972 kwa Hasselblad ya filamu na lenzi ya milimita 80, ambayo kwa kamera ile ni lenzi ya kawaida tu.

Kazi ipo kwenye kioo. Sura yako inatokea kwa sababu upande wako una mwanga, na kioo kinakurudishia huo mwanga pamoja na shati lako. Wanaanga huzima taa, kisha huziba kwa kitambaa cheusi nafasi iliyo kati ya kamera na chumba. Sisi tuliojifunza kwa kamera za miguu mitatu tuliingiza vichwa chini ya shuka jeusi kila siku, kwa hiyo hilo halinishangazi. Wewe tumia sweta jeusi. Mbeya mwezi wa sita nani hana? Lizungushie lenzi na uso wako, kamera iwe karibu na kioo lakini isikigandamize, maana mtikisiko wa ndege utaingia moja kwa moja kwenye picha. Na flashi izime, tafadhali. Ina faida gani kwa mlima ulio kilomita kumi chini yako?

Vioo vyenyewe ni vya aina yake. Chumba cha madirisha cha kituo hicho, kiitwacho Cupola, kilichotengenezwa Italia na kupelekwa juu Februari 2010, kina madirisha 7, na lile la katikati lina upana wa sentimita 80. Kila dirisha lina tabaka nne: la ndani linapokea mikwaruzo ya watu na kamera zao, mawili ya katikati yanazuia hewa isitoke, la nje linapokea vumbi na vijiwe vya angani. Nje kabisa kuna vifuniko, navyo hufungwa kama hakuna anayeangalia.

Lakini ningekuwa mimi huko juu, ningehangaika zaidi na mwendo. Kituo kiko kilomita kama 400 juu yetu, na ardhi inapita chini yake kwa karibu kilomita 7 kila sekunde. Njia yake ikifuata urefu wa Ziwa Nyasa, ziwa lote linakwisha kwa dakika moja na nusu hivi. Sasa weka shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye kamera, kwenye sehemu moja ya elfu ya sekunde: ardhi imeshasogea mita 7. Kwa lenzi pana huoni tofauti, ila kwa lenzi ndefu nyumba zinavutika. Kwa hiyo mwanaanga huizungusha kamera taratibu kuifuata ardhi, kama digrii moja kwa sekunde anapoangalia chini moja kwa moja, na anafyatua mkono ukiwa bado unakwenda. Usiku shata hubaki wazi muda mrefu zaidi na mkono peke yake hautoshi. Mwanaanga Don Pettit, aliyekaa huko mwaka 2002 hadi 2003, aliunda kifaa cha kufuatisha miji kwa vipuri alivyovikuta humo chomboni na drili ya betri. Huyo ndiye fundi!

Rungwe? Unaonekana, na Ziwa Ngozi na Ziwa Rukwa pia, mawingu yakiruhusu. Tukuyu yenu kwa mvua mnaijua. Ningetafuta picha za Mei na Juni, kabla moshi wa kuchoma mashamba haujalifanya bonde lote kuwa la kijivu. NASA wameweka picha za wanaanga kwenye intaneti, kuziona ni bure. Waonyeshe wanafunzi sehemu mbili tofauti zinazoandikwa pale: mahali chombo kilipokuwa juu yake, na mahali katikati ya picha palipo. Mwanaanga anaweza kuwa juu ya Zambia akapiga Rungwe kwa mshazari, kwa hiyo tafuteni kwa hiyo ya pili.