Swali la Msomaji: Kwa Nini Stasi Haikuwafunga Tu Wapinzani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, waliwachunguza wapinzani miaka nenda miaka rudi pasipo kuwafikisha mahakamani. Ikiwa waliweza kumfunga yeyote, walihangaika hivyo kwa faida gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kufunga hawakuacha kamwe. Ila nchi hiyo ilikuwa imejiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1973 na kutia saini makubaliano ya Helsinki mwaka 1975, ambamo mataifa yaliahidi kuheshimu haki za binadamu, na serikali iliyotamani heshima ya mataifa haikupenda majina ya wafungwa wake wa kisiasa yatajwe nje. Basi Januari 1976 wizara ya Erich Mielke, waziri wa usalama wa taifa na mkuu wa Stasi, ikatoa mwongozo namba 1/76, uliohalalisha mbinu waliyoiita Zersetzung, yaani kumvunjavunja mtu taratibu hadi asiwe na nguvu ya kupinga chochote.

Maafisa waliweza kuingia nyumbani kwa mtu akiwa hayupo, wasiibe hata sindano, bali wahamishe picha ukutani au warekebishe saa ya kengele ilie usiku wa manane. Akiwasimulia rafiki zake, nani angemsadiki? Wangedhani amerukwa na akili, na hilo ndilo lililokusudiwa. Barua zilifunguliwa kwa mvuke na kugandishwa upya, uvumi ulipandwa kazini, ugomvi ulichochewa ndani ya ndoa. Hata harufu ya mtu ilihifadhiwa: kitambaa kilichowekwa kwenye kiti alichokalia akihojiwa kilifungiwa ndani ya chupa ya kioo, ili mbwa waje kuinusa siku ikihitajika.

Kwangu mimi, lililo zito kuliko yote ni watoa habari. Mwaka 1989, katika nchi ya watu wapatao milioni 16, wizara ilikuwa na watumishi wapatao 91,000, na nyuma yao raia wapatao 189,000 waliopeleka taarifa kwa siri wakitumia majina ya bandia. Hao ndio waliokaribishwa chai na kuaminiwa siri. Majalada ya Stasi yalipoanza kufunguliwa kwa waathirika, mwanzoni mwa mwaka 1992, baada ya Ujerumani mbili kuungana, wengi walikuta humo maneno waliyowaambia watu wawili watatu tu. Mwanaharakati Vera Wollenberger, aliyewahi kufungwa mwaka 1988 na wakati huo akiwa mbunge, alitambua kwamba mtoa habari aliyeitwa “Donald” katika taarifa zilizomhusu alikuwa mumewe, baba wa watoto wake wawili.