Kwa wadogo zangu wa shifti ya usiku, walinzi wa mtandao wa ofisi

Juzi nimemwona mdogo wetu akifunga tiketi, yaani taarifa ya kengele ya mfumo, ya saa saba usiku kwa maneno mawili: "Bakapu, sawa." Yaani ni nakala ya akiba tu, hakuna tatizo. Nilishindwa kulala. Maneno hayo hayo niliwahi kuyaandika mimi.

1. Wote mnalinda mlango wa kuingilia. Tazameni na kinachotoka. Jasusi wa serikali si kibaka. Akishaingia anakaa, anachota kidogo kidogo. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kuwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo ambalo China ililitoa zawadi likafunguliwa 2012, data zilikuwa zikihamishwa kila usiku, saa sita hadi saa nane, kwenda seva za Shanghai. Miaka mitano! China ilikanusha. Kilichowashtua mafundi ni laini ya intaneti kujaa wakati ofisi hazina mtu.

Mimi nilikuwa na miezi minne kazini. Seva ya nyaraka ilikuwa ikituma faili nje kila usiku, nikajiambia ni bakapu, nikaiweka kwenye orodha ya kuruhusiwa ili kengele inyamaze. Wiki sita nzima. Siku moja mkuu wangu akauliza, "Hii bakapu inakwenda wapi?" Nikafungua ratiba: bakapu yetu ni Jumapili tu, na haitoki nje ya jengo. Miguu iliniisha nguvu. Kwa hofu nikaizima seva, nikaifomati kabla hajaniambia lolote. Ushahidi wote ukafutika kwa mkono wangu. Mama wa masjala, aliyezitunza nyaraka zile miaka mingi, akaja mezani kwangu: "Mwanangu, wamesoma zipi?" Sikuwa na la kumjibu, na sina hadi leo.

2. Kwa hiyo, ukishuku seva imeingiliwa: chomoa waya wa mtandao, usizime, nakili kwanza RAM (kumbukumbu ya muda, hufutika ukizima) na diski.

3. Sasisho la programu lenye saini halali ya kidijitali ya kampuni nalo likaguliwe. Mwaka 2020 sasisho za Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds, zilitiwa sumu zikawafikia wateja wapatao 18,000. Marekani ikaitaja idara ya ujasusi ya Urusi, SVR.

4. Mdogo wangu, tiketi yako nimeifungua upya. Kesho saa mbili asubuhi njoo na ratiba ya bakapu, tuzisome logi, rekodi za seva, pamoja, mstari kwa mstari.