Upo shuleni, lakini upo darasani?

Mwalimu wa ajira mpya akiripoti kijijini huambiwa mengi: wapi pa kupanga, duka gani linakopesha, mwenyekiti wa kijiji ni mtu wa namna gani. Mimi nimefundisha shule za msingi za vijijini hapa Tanzania muda wa kutosha, na ningeanza na hili: ingia kipindi.

Tukisikia maadili ya ualimu, akili inakimbilia ya magazetini: ulevi, mitihani kuvuja, mimba. Kwa mimba sina ushauri. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na miaka 30 jela. Ila kinachomaliza elimu kijijini siku hadi siku hakina kelele. Mwalimu amesaini kitabu cha mahudhurio asubuhi, yupo chini ya mwembe na simu yake, huku darasa la nne likinukuu maelezo anayoandika monita ubaoni. Benki ya Dunia ilipopima jambo hili nchini mwaka 2014 kwa ziara za kushtukiza, karibu nusu ya walimu hawakukutwa darasani, na wengi wao walikuwa palepale shuleni.

Nimewahi kushika daftari la hisabati la mtoto wa darasa la tano. Kurasa zote zina vema za wino mwekundu, saini na tarehe. Safi kabisa, mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, angefurahi. Ndani yake, 7 × 8 = 54, vema. Mstari unaofuata, 54 hiyohiyo imejumlishwa kwenye swali jingine, vema tena. Mtoto yule alikuwa na uhakika kabisa na hesabu yake, kwa sababu mwalimu alishampa vema.

Najua utaniambia nini. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 huko kwetu ni wa kwenye makaratasi. Ni kweli. Ukiwa na watoto mia na zaidi, huwezi kusahihisha madaftari yote kila siku. Basi chukua safu moja leo, nyingine kesho, lakini soma ulichokitia vema. Daftari lisilosahihishwa ni afadhali kuliko lililodanganywa.

Jingine ambalo vyuoni halisemwi: mikopo. Wengi ninaowafahamu waliolegea kazini hawakuanza kwa uvivu. Walianza na wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, wanaobaki na kadi yako ya benki hadi deni liishe, nalo haliishi. Mshahara ukitoka, mwalimu anashinda mjini kumbembeleza mwenye kadi. Akirudi, anaendesha bodaboda ili apate hela ya unga. Vipindi vinakufa hapo. Miezi ya mwanzo ni migumu, hasa posho ya kujikimu ikichelewa, lakini bora ujibane, ule dagaa, kadi ibaki mfukoni mwako.

Na tafadhali, watoto si vibarua wako. Kuteka maji ya shule kwa zamu ni jambo moja. Kupalilia shamba lako wakati wa kipindi cha Kiswahili ni jambo jingine, na wazazi wanaona. Hawatakusema usoni, maana wewe ni mwalimu. Watakusemea kwenye kikao cha kijiji, siku ambayo unahitaji wachangie chakula cha mchana.

Kuhusu siku ya mshahara, msiondoke wote. Kaeni na mwalimu mkuu mpange nani anakwenda mjini lini, muandikishane vipindi vya kufidia, na anayebaki aingie kweli darasa la mwenzake. Mwalimu mkuu akisita, mpe ratiba umeshaiandika. Mara nyingi atasaini, kwa sababu na yeye amechoka kumjibu Afisa Elimu Kata.