Mdogo wangu wa kitengoni, hiyo milioni moja na nusu usiitoe

Kamwene mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ofisini kwa walimu kuna habari inazunguka kwamba Marekani wanatafuta walimu wa elimu maalumu kwa tochi, kwamba mimi dada yenu nina watoto wanne tu darasani na nalipwa milioni kumi na tano kwa mwezi, na kwamba yupo wakala hapo Iringa mjini anapokea milioni moja na nusu akutafutie nafasi. Unataka kujua umpe au usimpe. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukauliza: "Dada, mbona mambo mazuri hivyo hukutuambia?" Hilo ndilo limeninyima usingizi. Nakujibu kwa urefu, na wenzako wasome, maana wewe si wa kwanza kuniuliza.

Usimpe. Hata nauli usimpe. Leseni ya kufundisha haitolewi na wakala. Inatolewa na jimbo, kwa jina lako, kwa vyeti vyako, kwa mitihani uliyokaa mwenyewe, na baada ya alama za vidole vyako kupelekwa FBI. Najua hiyo pesa itatoka kwenye ng'ombe wa mama. Mwacheni mama na ng'ombe wake.

Upungufu upo kweli, sitakudanganya. Mwaka nenda mwaka rudi elimu maalumu iko kwenye orodha ya masomo yasiyo na walimu wa kutosha, karibu kila jimbo. Ila mkisikia "upungufu" mnafikiri ni kama kwetu, kwamba pasipo na mwalimu atapelekwa yeyote mwenye moyo, kama wewe ulivyoletwa kitengoni, kwa watoto wenye ulemavu, umetoka chuo cha Mkwawa na shahada ya kufundisha Historia na Kiswahili, ukajifunzia kwa watoto. Huku tangu 1975 kuna sheria ya shirikisho inayompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma bure shule ya umma. Siku hizi inaitwa IDEA, inawagusa watoto wa miaka 3 hadi 21, na inataka mwalimu wao awe na shahada na leseni kamili ya jimbo, au awe ndani ya programu inayotambuliwa ya kuipata. Leseni ya taifa zima haipo. Mimi niko Ohio. Nikihamia Texas kesho, naomba upya kwa watu wa Texas.

Baridi achana nayo. Mtu aliyekulia Mafinga, akinunua koti la maana, ataishi. Kilichoniuma mimi ni kingine.

Nilikuja 2014 kwa bahati nasibu ya grini kadi. Nilikuwa na stashahada ya elimu maalumu ya chuo cha Patandi, shahada ya miaka mitatu na miaka tisa ya kitengo mgongoni. Nikapeleka vyeti kwenye taasisi ya kutathmini, jibu likarudi: shahada yako ya miaka mitatu haijafikia ya kwao ya miaka minne. Nilikaa na ile karatasi wiki nzima bila kumwonyesha mtu. Kumbe sikuwa nimepeleka cheti cha kidato cha sita, sikudhani kinahusika. Taasisi ya pili ilikihesabu na shahada ikakubaliwa. Lakini chuo kilitakiwa kitume matokeo chenyewe, kwenye bahasha yenye muhuri ambayo mimi siruhusiwi kuigusa, na kaka yetu alipanda basi mara mbili kuyafuatilia. Mwaka mmoja na miezi ukaenda hivyo.

Na hata baada ya hapo, leseni hapana. Walisema sina masomo ya kufundisha kusoma kwa namna yao, sina sheria zao, sina upimaji wao. Rudi darasani. Nikaomba kazi ya usaidizi wa mwalimu ili angalau niwe karibu na watoto.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mtoto niliyepewa alikuwa na miaka 14, ana mtindio wa ubongo, haongei, mzito kunishinda. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumlisha na kumbadilisha. Kuna meza inayopanda na kushuka kwa pedali, unavaa glavu, ukimaliza unaandika saa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni na herufi za jina lako. Saa mbili na robo, saa nne na nusu, saa sita. Hilo halikunidhalilisha. Wewe unajua pale kwetu tuliwaogesha watoto kwa ndoo na maji tuliyobeba wenyewe, na hatukuona haya. Kilichonikata ni siku ya kikao chake.

Kila mtoto wa elimu maalumu huku ana mpango wake wa maandishi unaoitwa IEP: anaweza nini leo, afike wapi ndani ya mwaka, nani atamsaidia na kwa dakika ngapi. Ni hati ya kisheria. Lazima ipitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na mzazi anakaa mezani kama mjumbe kamili. Mimi ndiye niliyejua kwamba yule kijana akitaka kusema ndiyo anafumba jicho la kushoto taratibu, na akikataa anageukia ukutani. Niliwaambia asubuhi kwamba ningependa kuingia. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba wasaidizi wanabaki na watoto. Nikabaki korido, nimeshika kiti chake cha magurudumu, ndani wanajadili kama ana njia yoyote ya kuwasiliana. Walitoka na mpango usio na lile jicho. Miaka tisa nimeitwa mwalimu, mdogo wangu, na siku ile sikuwa na neno la kuwaambia.

Siku hiyo hiyo nilianza kutafuta chuo.

Kuhusu chuo shika hili hata ukisahau mengine yote. Shahada ya uzamili ya elimu maalumu si lazima ije na leseni. Zipo programu nyingi nzuri za utafiti au za nadharia ambazo ukimaliza una joho na huna ruhusa ya kusimama mbele ya darasa. Kabla hujatuma ada ya maombi, waulize kwa maandishi: programu hii inaniongoza kwenye leseni ipi, ya jimbo gani, kwa watoto wa ulemavu upi? Wakizungukazunguka, ondoka.

Nilisoma jioni kwa miaka miwili na nusu. Masomo yenyewe nayapenda mpaka leo, siwezi kuyasema vibaya. Nilijifunza kuchunguza tabia ya mtoto kwa kuandika kilichotangulia na kilichofuata badala ya kusema "huyu mkorofi". Nilijifunza kuandika lengo linalopimika. Mtihani wa kusoma ulinishinda mara ya kwanza, na nakuambia sababu ili usione aibu ukikupata. Sisi mtoto akishika ba be bi bo bu, baada ya muda anasoma neno lolote la Kiswahili. Kiingereza hakina huruma hiyo: though, through na tough zinaandikwa karibu sawa na kila moja ina mlio wake, na mwalimu wa elimu maalumu Ohio lazima afaulu mtihani mzima wa namna ya kumfundisha mtoto kupenya humo. Majimbo mengi mengine yana mitihani ya walimu iitwayo Praxis. Anayefundisha viziwi naye ajue kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania siyo ya Marekani, itabidi ajifunze ya huku.

Halafu yakaja mazoezi ya kufundisha. TP yetu unaijua, mkaguzi anakuja mara kadhaa na maisha yanaendelea. Yangu yalikuwa wiki 15, kutwa nzima, Agosti hadi Desemba 2019, bila mshahara, na ili niyafanye ilibidi niache kazi ya usaidizi. Nilikuwa chini ya mwalimu aliyenizidi kwa leseni tu, binti wa miaka 26, na ninamshukuru kwa sababu aliniheshimu. Wikiendi nilikesha kazini kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ndio muhula ule mama alilazwa. Nilituma elfu themanini. Nasikia kwenye kikao cha familia ilisemwa kwamba dada wa Marekani amekuwa mchoyo. Sikujitetea wakati ule na sitaki kujitetea sasa, nataka tu mjue ile elfu themanini ilitoka wapi. Na hata nilipokuwa msaidizi, malipo yalikuwa ya saa. Shule zikifungwa miezi ya kiangazi hakuna saa, na hakuna malipo. Watu wakiniambia huko mnabeba boksi, ndiyo, nilibeba, Juni mpaka Agosti, kila mwaka.

Mimi, kwa ile grini kadi, nilikuwa na kibali cha kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Wewe ukija kwa viza ya mwanafunzi hutakuwa nacho. Muhula ukiendelea utafanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki. Ukimaliza unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako, na baada ya hapo lazima upate mwajiri wa kukuombea viza. Hapo wengi wanakwama, wana leseni mkononi na hawana wa kuwaombea. Kwa hiyo usije.

Nimeandika usije, halafu nimeamka nikanywa chai nikarudi, na siwezi kuliacha peke yake. Mwaka 2020 leseni ilitoka. Kikao cha kwanza nilichokiongoza mwenyewe, nilianza kwa kumwita msaidizi wa mtoto aingie, nikamuuliza yeye kwanza. Aliongea dakika ishirini, na mama wa mtoto alikuwa akiandika kila neno. Kazi hii ukiifanya ukiwa na sheria nyuma yako, mdogo wangu, ni tofauti na kuifanya kwa huruma ya mwalimu mkuu. Ningependa uionje. Kwa hiyo, ukipata chuo kinachokulipia ada, kwa maandishi, siyo kwa maneno ya wakala, njoo, na chumba kipo kwangu.

Lakini nani atabaki? Nilipoondoka niliacha watoto 23 na mwalimu mmoja, na huyo mmoja sasa ni wewe. Nimekuwa nikikwepa kuandika sentensi hiyo tangu nilipoanza. Nyumbani nako tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, nayo inasema mtoto asome. Anayehakikisha kwamba anasoma, pale kitengoni, ni wewe na ndoo ya maji. Sina haki ya kukuambia ukae wakati mimi niliondoka. Ila kama utaomba kwanza Patandi, ada ya mwaka mmoja nitaibeba mimi, na hilo si la kukufariji, nimeshalipigia hesabu. Ukiwa na elimu maalumu kwenye cheti chako, milango ya huku na ya huko yote inakusikiliza zaidi.

Wiki hii omba ruhusa ya nusu siku, nenda Mkwawa ukaombe nakala ya matokeo, na cheti cha kidato cha sita kitoe kwenye sanduku la mama kabla mchwa hawajakifikia. Piga picha unitumie. Mwambie wakala kwamba dada yako amekataa, nipe mimi lawama.

Na zile kadi za picha tulizokata kwenye kalenda za zamani na kubandika kwenye maboksi, bado zipo? Yule kijana wa usonji anayekaa dirishani alikuwa ameanza kuichukua ya maji na kuniletea mkononi. Ukinijibu, anza na yeye.