Unga mweupe wa kuhifadhia mahindi: nimeuziwa chokaa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza nafaka Kiboriloni, hapa Moshi. Kijana mmoja kaniletea mfuko wa unga mweupe, akasema nikichanganya na mahindi, dumuzi watakufa, tena eti siyo sumu, ni "mifupa ya wadudu wa ziwani". Mume wangu anacheka, anasema nimeuziwa chokaa. Nani mkweli? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamulia ndimu kwenye kijiko kimoja cha huo unga. Ukitoa mapovu, kuna chokaa ndani. Usipotoa, usimcheke baba watoto bado, maana chokaa ya kupaka ukuta inaweza isitoe. Tia unga mwingine kwenye juisi ya rosela isiyo na sukari: chokaa ya ukuta itaigeuza kijani. Ikibaki nyekundu, na mfuko ukiubeba ni mwepesi kuliko ulivyodhani, kijana huenda kasema kweli.

Kakosea hapo kwenye wadudu tu. Ni daiatomu, mwani wa chembe moja usioonekana kwa macho, unaojijengea gamba la silika, kitu kilekile kinachotengeneza kioo. Mwani ukifa, gamba linazama, na magamba yakirundikana ndiyo huo unga, daiatomaiti. Bonde la Ufa lina volkano nyingi, majivu yake yanaachia silika kwenye maji ya maziwa, basi mwani huo ulineemeka. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, kuna machimbo ya daiatomaiti, genge jeupe pe, mahali palipokuwa na ziwa zamani. Niliokota bonge kubwa kama kichwa cha mtoto, nikalinyanyua kwa mkono mmoja kama sifongo. Nikaligusa kwa ulimi, likang'ang'ania!

Unga huu umenilisha miaka 19, nikiwa mchujaji kwenye kiwanda cha bia. Tuliuita kiselguri. Tunaukoroga na maji, tunautandika juu ya chujio, bia inaingia imevurugika kama togwa, inatoka inang'aa, hamira imenaswa kwenye vitundu vya magamba. Ni vitundu hivyohivyo Alfred Nobel alivinywesha nitrogliserini, mafuta yanayolipuka kwa mtikisiko tu, akapata dainamaiti na hataza yake mwaka 1867.

Kwa mdudu, unga unafyonza nta iliyo juu ya ngozi yake na kumkwaruza, maji ya mwilini yanatoka, anakauka. Kwa hiyo kwenye mahindi mabichi ni kazi bure. Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa: chumvi ikiganda ukutani, rudisha mahindi juani. Fukusi wanakufa vizuri. Dumuzi ni mkaidi, anajichimbia ndani ya punje, unga haumfikii upesi.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi. Unga wa kuchujia bia au maji ya bwawa la kuogelea umechomwa kwenye tanuru, na sehemu ya silika yake hugeuka kristobaliti, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Sisi msimamizi alitwambia tufunge leso puani, basi. Nakohoa hadi leo, kila Julai baridi ya mlimani ikishuka. Mwambie kijana akuletee mfuko wa kiwandani uliotoka nao huo unga, usome kama umeandikwa ni wa kuhifadhia nafaka ya kula. Kama ni wa bwawa, mrudishie. Kama ni wa nafaka, changanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, na uvae barakoa. Neema asikae karibu.