Kwa mnaotoka kwenye kompyuta kwenda kupiga na dramu za jazi

Mara ya kwanza kufanya kazi na mpiga dramu wa jazi, nilifika na vipande vinane vya muziki wa kompyuta vilivyopangwa tayari, kila kimoja na mwendo wake, pamoja na hedifoni za kumsikilizisha metronomu, ile saa inayogonga mapigo sawasawa. Alizivaa dakika tano, akazivua na kuzitundika kwenye stendi ya toazi. "Saa yako hainisikilizi," alisema.

Niliudhika, lakini alikuwa na haki. Mpiga dramu wa aina hii huyasukuma mapigo na kuyavuta: toazi linatangulia kidogo, snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inachelewa makusudi, na humo ndimo ladha ilimo. Ukimfunga kwenye metronomu umemlipa mtu ili afanye kazi ya mashine.

Basi acha lupu ndefu, yaani vipande vinavyojirudia vyenyewe, nyumbani. Chukua sauti fupi unazoweza kuzipiga mwenyewe kwa vidole, na sauti ndefu zisizo na mapigo ambazo yeye anaweza kutembea juu yake. Ukihitaji mwendo, ugonge kwa mkono ukimfuata yeye. Nimejaribu pia kuweka kihisi kwenye dramu ya besi ili kompyuta ifuate mguu wake. Kinafanya kazi mpaka pale anapoanza kugusagusa taratibu, hapo kompyuta inachanganyikiwa kuliko mimi.

Ucheleweshaji, yaani muda kati ya kugonga kitufe na sauti kusikika, ndio utakaokusumbua zaidi. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 512, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, peke yake ni karibu milisekunde 12. Sauti nayo husafiri hewani takriban mita 3.4 kwa milisekunde 10, kwa hiyo ukikaa mita nne mbali naye, umeongeza kiasi kama hicho. Shusha bafa hadi 128 kama kompyuta inahimili, kisha sogea karibu naye. Mimi hukaa karibu kabisa na matoazi yake ya mguu, spika yangu ikimwelekea yeye. Masikio yanaumia kidogo, vaa vizibo.

Futa matoazi yote kwenye programu yako, maana ya kwake yameshajaza sauti za juu. Kwenye besi mpeane zamu.

Sikilizeni mwanamuziki wa kompyuta Kieran Hebden, anayejulikana kama Four Tet, akiwa na mpiga dramu wa jazi Steve Reid. Reid alizaliwa 1944, na rekodi zao za kwanza pamoja zilitoka 2006, muziki uliobuniwa papo hapo. Halafu Tony Allen na Jeff Mills, 2018: mpiga dramu gwiji wa afrobiti na gwiji wa tekno, muziki wa dansi wa mashine. Msihesabu sauti ngapi mtu wa mashine ameweka. Sikilizeni anaponyamaza. Mimi nilichukua miaka miwili kujifunza kuondoa mikono kwenye vitufe kwa dakika nzima bila kuona aibu.

Rekodi kila mazoezi, kila maikrofoni kwenye njia yake, ingawa toazi litaingia kwenye zote. Hapo kuna jambo la kukubaliana mapema: ukikata mapigo yake mawili ukayageuza wimbo wako, nani mtunzi? Mimi sikuuliza. Yule yule aliyevua hedifoni alisikia snea yake kwenye kazi yangu, na tulikaa miezi mingi bila kusemezana. Sasa tunaandika karatasi moja, mgawo nusu kwa nusu, kabla hajafungua mifuko ya dramu.