Vumbi Lisiloisha Ndani ya Nyumba

SWALI: Ndugu Mshauri, tulihamia Dodoma mwaka jana, na nyumba yetu inapakana na barabara isiyo na lami. Tangu mvua zilipokatika nafagia asubuhi na jioni, lakini ikifika saa nane mchana naweza kuandika jina langu mezani kwa kidole. Mtoto wetu wa mwisho ana pumu. Nifanye nini? – Mama wa Watatu, Dodoma

JIBU: Dada yangu, tuanze na huo ufagio, kwa kuwa nadhani ndio unaokurudisha nyuma. Ufagio mkavu huondoa mchanga, lakini vumbi laini, ambalo ndilo linalofika kwenye mapafu ya mtoto, hulirusha hewani, likaelea kwa saa kadhaa na kutua tena mezani wakati wewe umekwisha kupumzika. Futa kwanza pangaboi na juu ya makabati kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha upige deki bila kufagia, au unyunyize maji kidogo kabla ya kufagia. Mtoto awe nje ya chumba wakati huo.

Uwanja nao una lake. Wengi wetu tulilelewa kuamini kwamba uwanja safi ni ule uliofagiliwa kwa chelewa hadi udongo ukabaki mtupu (nami nilichapwa kwa kuuacha na majani), lakini huko kwenu, ambako mvua huishia karibu na Aprili na kurudi mnamo Desemba, udongo huo mtupu ni ghala la vumbi. Acheni nyasi ziote, mmwage kokoto mlangoni, na mpande michongoma upande wa barabara.

Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo madirisha ya upande huo yafungwe mchana, yafunguliwe alfajiri hewa ikiwa imetulia. Nyumba nzima isifungwe kamwe jiko la mkaa likiwaka ndani, maana hewa yake huua.

Zulia la chumba cha mtoto liondoke. Chandarua chake kikung'utwe nje kila wiki. Kukifua mara moja kwa miezi mitatu kunatosha, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, na kianikwe kivulini kwa sababu jua hudhoofisha dawa yake. Iwapo mtoto ataendelea kukohoa usiku hata baada ya hayo, mrudishe kliniki, kwani huenda dawa yake ya kuvuta ikahitaji kubadilishwa.